Daraja Linaloishia Mtoni

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Neno letu la wiki hii ni Warumi 15:7: "Kwa hiyo mkaribishane ninyi kwa ninyi, kama naye Kristo alivyotukaribisha, ili Mungu atukuzwe."

Mjini Roma, katikati ya mto Tiber, kuna tao moja la mawe lililosimama peke yake. Halijashikana na ukingo wa kulia wala wa kushoto. Wenyeji huliita Ponte Rotto, yaani Daraja Lililovunjika. Juu yake pameota nyasi na vichaka, na ubavuni limechongwa joka, alama ya ukoo wa Papa Gregori wa 13. Hatua chache kutoka hapo maji huporomoka kwa kishindo, kiasi kwamba mkiwa wawili lazima msogeleane ndipo msikilizane. Mahujaji wengi hulitazama wakiwa juu ya daraja jipya lililo jirani, Ponte Palatino, ambako magari hupita kushoto kama kwetu, wakapiga picha na kwenda zao. Mimi nilitamani kukaa. Ni zuri kweli, lakini hakuna mtu anayelipita.

Zamani lilipitwa sana. Nguzo zake zilisimamishwa mwaka 179 KK, na matao ya mawe yakakamilika mwaka 142 KK, likawa daraja la kwanza la mawe katika mji ule. Mto ukalivunja mara nyingi, na kila mara watu wakalijenga upya. Mwaka 1557 mafuriko yakaliangusha tena. Papa Gregori akalitengeneza kwa gharama kubwa, kazi ikaisha mwaka 1575. Miaka 23 tu baadaye, mkesha wa Noeli wa mwaka 1598, Tiber ikafurika kupita kawaida na kuizoa nusu ya daraja, ile ya upande wa katikati ya mji. Safari hiyo hakuna aliyerudi kulijenga.

Nusu ya pili ilibaki imara, imeshikana na ng'ambo ya mto, mtaa wa Trastevere, ikaendelea hivyo kwa karne mbili na nusu. Mtu angeweza kupanda juu yake, akatembea juu ya mawe magumu, akafika mahali ambapo mawe yanakwisha na chini ni maji. Mwaka 1853 waliunganisha kipande kilichopotea kwa kivuko cha chuma, nacho hakikudumu. Karne hiyo ilipokaribia kwisha, sehemu kubwa ya mabaki ilibomolewa, likaachwa tao moja.

Ninaliwaza daraja hili kila ninaposikia mtu akisema, "Mimi nimeshamsamehe, ila tusionane."

Sisemi kwamba msamaha wa namna hiyo ni wa uongo. Mara nyingi umetoka moyoni, na umemgharimu mtu machozi mengi. Lakini tunazijua familia zetu. Ndugu wawili wa tumbo moja wamegombana juu ya mpaka wa shamba. Miaka imepita, hasira imepoa, hakuna anayemtakia mwenzake mabaya. Ukitokea msiba kwa mmoja, mwingine anatuma rambirambi kwa simu, tena nzuri tu, na ujumbe unaingia kabla hata jeneza halijafika nyumbani. Mtoto akiolewa, mchango wa baba mkubwa unasomwa mbele ya kamati na watu wanapiga makofi. Kiti chake kiko wazi. Pesa imevuka, mguu haujavuka. Na watoto wa pande mbili wanakua bila kujuana sura.

Paulo aliliandikia kanisa lenye shida ya jinsi hiyo, tena katika mji huohuo. Trastevere, ng'ambo ya mto, palikuwa na makao ya Wayahudi wengi, na wanahistoria wengi wanaona kwamba Wakristo wa kwanza wa Roma nao waliishi huko. Kitabu cha Matendo 18 kinatuambia Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi mjini. Akila na Priskila walikuwa miongoni mwa walioondoka. Klaudio alipokufa mwaka 54, watu walianza kurejea. Hebu wafikirie hao waliorudi. Walipoondoka waliacha ibada ikiendeshwa kwa desturi zao, wakarudi na kukuta walioongoka kutoka mataifa wamezoea kukaa bila wao. Sura ya 14 inaonyesha ugomvi ulikuwa mezani: mmoja anakula vyote, mwingine anakula mboga tu, mmoja anaitukuza siku fulani, mwingine anaona siku zote ni sawa. Anayekula anamdharau asiyekula, na asiyekula anamhukumu anayekula.

Paulo angeweza kuwaambia kila kundi liabudu kivyake na waache kusemana. Pangekuwa na amani ya aina yake. Yeye akaandika, "mkaribishane."

Kisha fungua sura ya 16, ile ambayo wengi wetu tunairuka kwa sababu ni majina matupu. Barua inakuja pamoja na Fibi, dada mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Paulo anawataja watu zaidi ya 20: nisalimieni Priska (ndiye Priskila yule) na Akila, lisalimuni na kanisa lililomo katika nyumba yao, nisalimieni Mariamu, nisalimieni Rufo na mama yake. Hasemi "nawasalimu" kisha akaishia hapo. Anawatuma wao kwa wao. Sisi tunajua uzito wa salamu uliyopewa ufikishe. Ukikaa nayo ni deni. Kwa hiyo ndugu wa nyumba moja, aliyekuwa hajakanyaga kwa wenzake tangu ule mzozo wa chakula, sasa ana salamu ya Paulo mkononi na hana budi kwenda. Wazee husema barua ni nusu ya kuonana. Paulo hakuridhika na nusu, ndiyo maana anamalizia katika mstari wa 16: "Salimianeni kwa busu takatifu." Hilo halitumwi kwa mtu. Lazima nyuso zikutane.

Hapa niseme neno kwa aliyepigwa, aliyenyanyaswa, au ambaye maisha yake yako hatarini akimkaribia mtu fulani. Neno hili halikutumi urudi kwenye hatari. Kaa salama, na utafute msaada kwa watu unaowaamini. Ninazungumzia umbali ule tunaoutunza kwa sababu tu ya aibu, au kwa kungoja mwenzetu aanze.

Nani aanze? Paulo ameshajibu: "kama naye Kristo alivyotukaribisha." Yeye alitungoja wapi? Warumi 5:10 inasema tulipatanishwa na Mungu tulipokuwa bado adui. Hatukuwa tumefika hata ukingoni. Alitoka kwake akaja mpaka kwetu, akaketi mezani pa watoza ushuru, akala chakula chao, akaipokea mikono yao mwilini mwake.

Na baada ya kupatana, kazi haijaisha. Juu kidogo ya Ponte Rotto kuna daraja jingine, Ponte Fabricio, lililojengwa mwaka 62 KK na bado watu wanalipita kwa miguu mpaka leo. Katika nguzo yake ya kati mafundi waliacha tao dogo, ili mto ukifurika maji yapate pa kupita, yasiisukume nguzo yote. Na ubavuni mwa daraja yamechongwa majina ya viongozi wa mwaka 21 KK waliolikagua wakathibitisha kwamba li salama. Lilikuwa na umri wa miaka 41 tu, bado wakaenda kulitazama. Sisi tukishapeana mikono mbele ya padri au mzee wa ukoo, ni wangapi hurudi baada ya mwaka kuuliza, "Ndugu yangu, kuna neno lolote lililobaki moyoni?"

Wiki hii tusome Warumi 14 hadi 16 kwa mkupuo mmoja, majina yote bila kuruka. Kisha kila mmoja amtaje mbele za Mungu mtu mmoja ambaye humtumia pesa au ujumbe lakini haendi kwake. Jumuiya zetu zikikutana, tusiulizane majina hayo. Anayetaka kusindikizwa aseme, naye apate wa kwenda naye.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyetukaribisha tungali adui, mpe nguvu yule anayeogopa kugonga mlango wa nduguye. Na aliye ndani, anayesikia hodi asiyoitarajia, mpe neno la kuitikia. Amina.