Nilimfokea mbele ya wenzake

Mwaka wangu wa kwanza kuwa msimamizi wa ghala hapa Dar, nilimfokea kijana mmoja kwenye kikao cha asubuhi kwa kuchelewa dakika 40. Hakujibu. Akachukua toroli, akaingia kazini. Mimi nikajiona bosi kwelikweli.

Wiki mbili zilizofuata hakuna aliyeniletea tatizo hata moja. Nikadhani mambo shwari. Kumbe katoni zilizopasuka zinafichwa nyuma ya mzigo, na fomu ya uharibifu haijazwi. Niliyakuta siku ya kuhesabu stoku.

Mama wa mapokezi ya mizigo ndiye aliyenivuta pembeni. "Mwanangu, yule uliyemfokea, jana yake alifunga ghala saa sita usiku. Ratiba uliipanga wewe."

Nikaikagua. Kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Nilikuwa nimempangia zaidi ya 60, na ovataimu sikuandika.

Kumwomba radhi ofisini, mlango umefungwa, kungekuwa rahisi. Lakini nilimfokea hadharani, basi na radhi nikaiomba hadharani, jasho likinitoka. Ovataimu ikalipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, kama sheria inavyotaka.

Siku hizi swali la kwanza kikaoni ni "nini kimekwama?", na mimi huongea mwisho. (Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu, ni mtihani.)

Juzi kijana yuleyule kaja mwenyewe: "Bosi, nimeangusha katoni tatu. Fomu hii hapa."