Kaimati Tatu

Usiku huu baada ya chakula wifi yangu kanitengea kaimati tatu kwenye kisahani, kafunika kawa, hakusema neno. Nimezila sebuleni, taa inawaka, watoto wananitazama. Kwa nyumba yetu hii ya Ngamiani hilo si jambo dogo.

Nilipoambiwa nina sukari, kila mtu humu ndani aligeuka askari. "Acha, hiyo si yako." Basi nikajifunza kuiba. Watu wakishalala nafungua hotipoti polepole, nakula tano, sita, nimesimama gizani, shira inanichuruzika mpaka kwenye kiwiko, na tumboni hamna kitu tangu alasiri. Asubuhi mashine ya kupima sukari inanisuta: 11.8. Nami naapa sijagusa kitu!

Uongo ulinichosha kuliko ugonjwa. Nikaanza kujipima kama fundi anayetafuta bomba linavuja wapi: kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya tonge la kwanza. Kliniki walinipa mpaka wangu, baada ya chakula isivuke 10. Kaimati nne na chai ya sukari, tumbo tupu: 14.2. Kaimati tatu juu ya samaki wa kuchoma, mchicha na wali wa kiganja kimoja: 9.1. Sikuamini. Nikarudia siku nyingine, 9.4. Daktari hakushangaa hata kidogo. Alisema samaki na mboga vikitangulia, tumbo linaachia chakula taratibu, sukari nayo inaingia kwenye damu kidogo kidogo. Vidonge vyangu, akanionya, viko palepale.

Wifi naye kapunguza shira. Zamani kaimati zilikuwa zinaogelea; sasa anazipitisha tu na kuzikung'uta, iliki kaongeza. Nakiri, ni tamu zaidi, unga unausikia.

Kilichoniuma ni juisi ya machungwa. Machungwa ya Muheza, hayakutiwa hata chembe ya sukari, nilikuwa nayanywa kama dawa! Kumbe glasi moja ni machungwa matatu au manne, na nyuzinyuzi zote nimeziacha kwenye chujio. Siku hizi namenya moja, nakula na nyama zake. Tende nazo, kwa heshima zote, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Mbili zinanitosha, na karanga kidogo.

Baada ya kaimati nimetembea hadi uwanja wa Mkwakwani na kurudi. Misuli ikifanya kazi huchota sukari kwenye damu, hilo nalo nimeliona kwenye mashine yangu, ingawa goti la kushoto lina malalamiko yake.

Bado nusu saa nijipime. Leo ni zamu ya kidole cha pete. Cha shahada kimeshakuwa kama chujio.