Lady Bracknell kwa ulimi wa Tanga

Mwaka huu nimepewa nafasi ya Lady Bracknell, yule mama mwenye cheo na maneno makali katika The Importance of Being Earnest, tamthilia ya Oscar Wilde iliyoanza kuoneshwa London Februari 1895. Kikundi chetu cha maigizo hapa Leicester, Uingereza, ni cha watu wa kawaida: wauguzi, walimu, dereva wa basi. Ndugu zangu wa Tanga wanadhani shida ya lafudhi ni yangu peke yangu, maana wenzangu ni Waingereza. Wapi! Mtaani kwetu hakuna anayezungumza kama yule mama. Lafudhi ile haina mkoa, ina tabaka. Daniel Jones, mtaalamu wa matamshi ya Kiingereza, katika kamusi yake ya matamshi ya mwaka 1917, aliieleza kuwa ya familia ambazo watoto wao wa kiume walisomeshwa kwenye shule kubwa za bweni. Kwa hiyo sote tunajifunza.

Kwetu sisi tuliokulia kwenye Kiswahili, kila silabi lazima ipate haki yake. Chukua neno extraordinary. Tutasema eks-tra-o-di-na-ri, silabi sita, zote zimeshiba. Lady Bracknell anasema iks-TROO-dn-ri: pigo moja zito, zilizobaki anazimeza. Nalirudia nikiosha vyombo, nalirudia kituoni nikisubiri basi. Ugumu ni kumeza silabi huku mtu wa kiti cha nyuma kabisa akilisikia neno zima. Ndiyo maana muongozaji anatubanisha kizibo cha chupa ya mvinyo kwenye meno ya mbele, tunasoma ukurasa mzima, kisha tunakitoa na kuurudia. Hapo konsonanti zinatoka kali na safi, utazipenda.

Halafu irabu. Sisi tunazo tano, wao wanazo karibu 20. Bad, bud, bird na bard kwetu zote zinaangukia “a” moja. Kwa Lady Bracknell ni nne tofauti, na ile ya bad inapanda hadi hat inasikika kama “het”. Lafudhi ya mwaka 1895 ni vigumu kuisikia leo, basi tunamsikiliza Malkia Elizabeth katika hotuba zake za Krismasi za miaka ya 1950. Za baadaye hazitufai: watafiti walizipima irabu zake, na mwaka 2000 wakaonesha kwamba kufikia miaka ya 1980 zilikuwa zimesogea kuelekea matamshi ya watu wa kawaida wa kusini mwa Uingereza.

Wapo Watanzania wenzangu wanaosema najifanya mzungu. Nakataa kabisa. Mpiga udi wa taarabu pale Unguja, nani humwambia anajifanya Mwarabu? Hii ni sanaa, na sanaa inafanyiwa mazoezi.

Tena kuna mahali tunawazidi. Katika lafudhi hiyo ya zamani, r iliyo kati ya irabu mbili, kama kwenye very, ulimi unagonga ufizi wa juu mara moja, sawa na r ya “habari”. Waingereza wengi wa leo wanaitamka ulimi ukielea tu, haugusi popote. Kwa hiyo wakati wa chai wenzangu wananizunguka. Naanza nao na “habari”, wakishaizoea tunahamia kwenye very sorry. Mwanzoni wanatoa d tupu. Dereva wa basi ameshaipata. Wengine tunaendelea nao Alhamisi.