Nilivyozoea kutembea juu ya bahari ya Luleå
Ukihamia kaskazini mwa Sweden utapewa ushauri mwingi na watu wasiowahi kukanyaga barafu. Wangu ulitoka kwa ndugu yetu anayeishi Malmö, kusini kabisa mwa nchi, ambako bahari kuganda ni jambo la nadra. "Kaka, ukisikia barafu inalia, lala kifudifudi, utambae urudi ulikotoka."

Haya. Baridi kali siku hiyo, kama nyuzi 20 chini ya sifuri, ufuko nimeshauacha mbali, mara barafu ikapiga mlio kama waya mnene uliokatika. Nikajitupa chini. Nikatambaa na koti langu jipya, ndevu zimeshika theluji, nasoma kila dua ninayoijua. Akanipita bibi mmoja mzee hasa, anasukuma kile kiti chao chenye vyuma viwili vya kuteleza, juu yake kapakia mfuko wa sokoni. Akapunguza mwendo, akanitazama, akanisalimu "hej hej", akaenda zake.

Wavuvi wa hapa ndio walionifungua macho: baridi ikizidi barafu husinyaa na kupasuka, na milio ile si dalili kwamba ni nyembamba. Ya kuogopa ni iliyonyamaza: mdomoni mwa mto, chini ya daraja, penye mkondo kati ya visiwa. Bahari yetu hii, pwani ya kaskazini ya Ghuba ya Bothnia, huganda kila mwaka, na mito imesaidia kwa kuipunguzia chumvi. Ila mito hiyohiyo huila barafu kwa chini.

Siku hizi natembea na mtaimbo. Napiga mbele yangu kwa nguvu; ukitoboa, nageuka. Wenyeji wanataka sentimita 10 za barafu ngumu, ile angavu inayoonekana nyeusi. Nyeupe iliyochanganyika na theluji msiiamini hivyo. Shingoni navaa vijiti viwili vyenye ncha za chuma, krona mia na ushee, vya kujivutia nje ukitumbukia. Mazoezi nilifanyia sebuleni, najiburuta kwenye zulia, mke wangu akacheka mpaka akakaa chini.

Soksi tatu? Ushauri wa Malmö huohuo. Vidole vilikufa ganzi kwa kubanwa. Soksi moja nene ya sufu na buti lenye nafasi, yatosha.

Asiyejiamini aanze na njia ya juu ya barafu inayosafishwa na manispaa kandokando ya mji, hata watoto wapo. Na simu iweke kifuani, ndani ya mfuko usioingia maji. Ukiiacha mfuko wa nje, betri itazima kabla hujafika kisiwani.