Msumeno wa meza kutoka Dar: meza imenyooka, kisu cha nyuma hakipo

Mashine imefika Iringa, na jambo nililokuwa naliombea zaidi limetimia: meza haina ufa wala haijapinda. Ni Wadkin ya Uingereza, AGS 10, ya zamani, bledi ya inchi 10. Niliinunua Dar kwa picha na simu tu, ikapandishwa kwenye lori lililoshusha mbao za Mafinga na kurudi tupu.

Wengi wananiuliza kwa nini sikwenda kuiona. Bei aliyotaja muuzaji ilikuwa ya chuma chakavu, si ya mashine inayofanya kazi. Beringi na mikanda vipo madukani, mota husukwa upya. Kisichopatikana kirahisi ni meza ya chuma cha kusubu iliyonyooka na shafti, mhimili unaoshika bledi, isiyocheza. Kwa hiyo picha za kuonyesha rangi ya mashine hazikunihusu. Nilimwomba muuzaji alaze rula ndefu ya chuma kona hadi kona, amulike tochi kwa nyuma, apige picha. Mwanga ulipenya mwembamba kama unywele, katikati tu. Kisha aitikise shafti kwa mkono huku akirekodi video. Haikucheza.

Cha tatu nilichodai ni picha ya kibao cha mota, kile chenye maelezo ya umeme wake, kisomeke kila herufi. Mota ni ya umeme wa njia tatu (three phase), kilowati 2.2, na nyumbani nina umeme wa njia moja. Ila kibao kinasema 230/400, maana yake nyaya zake zikiunganishwa kwa delta, yaani mtindo wa pembetatu, inakubali volti 230, na inveta ndogo inaweza kuchukua umeme wa njia moja ikautoa njia tatu kwa volti hizo hizo. Kingesema 400/690, hata kwa delta ingetaka volti 400, ningeiacha huko huko. Anayetafuta mashine ya mtumba asome kibao kabla ya kuuliza bei. Swichi ya zamani nimeitoa, kwa sababu kati ya inveta na mota hapakai swichi; kuwasha na kuzima kunafanyika kwenye inveta yenyewe.

Muuzaji aliniambia kila kitu kipo. Kisu cha nyuma ya bledi hakikuwemo, na hilo limeniudhi kweli. Mbao yenye mkazo hujifunga baada ya kupasuliwa, ikabana bledi upande wa nyuma ambako meno yanapanda, yakainyanyua na kuirusha kwa aliyesimama mbele. Kisu ndicho kinachoiweka njia wazi. Bledi yangu ina mwili wa milimita 2.2 na inakata njia ya 3.2, kwa hiyo kisu lazima kiangukie katikati. Fundi wa vyuma mtaani amenikatia bati nene la 2.5, sasa nalipiga tupa lifuate mviringo wa bledi.

Kuhusu kunyoosha bledi ili iwe sambamba na mfereji wa meza: nilitia alama jino moja, nikapima umbali wake hadi kwenye mfereji wa meza likiwa mbele, nikazungusha bledi na kulipima likiwa nyuma. Tofauti ilikuwa milimita 0.4. Nililegeza boliti za meza, nikagonga kidogo kidogo kwa nyundo ya mbao, nikakaza, nikapima tena. Sasa hata fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya 0.1 haipiti.

Beringi zinakwaruza nikizungusha kwa mkono, zinabadilishwa wiki hii. Mashine haitawashwa mpaka kisu kikae. Nitaanza na paina, mninga utasubiri.