Mpaka Usiopita Katikati ya Mto

Oktoba 2019 tuliondoka Jersey City saa kumi na mbili asubuhi, mimi na shemeji yangu, tukielekea harusini Baltimore. Njia ya New Jersey Turnpike haina mengi ya kusimulia. Inanyooka baina ya malori na vituo vya mafuta mpaka inapokwisha huko kusini, ndipo minara ya Delaware Memorial Bridge, daraja livukalo mto Delaware, inapochomoza juu ya miti.

Nilimwomba shemeji anishtue tukifika katikati ya mto, kwa kuwa nilitaka kupiga picha mahali jimbo la New Jersey linapopakana na jimbo la Delaware. Akacheka, akasema tukifika hapo nitakuwa nimeshachelewa. Mpaka wa eneo hilo ulichorwa kwa duara la maili 12, yaani kama kilomita 19, kutoka mahakama ya zamani ya mji wa New Castle, hivyo mto mzima ni wa Delaware hadi pale maji yanapokomea yakikupwa kwenye ufuo wa New Jersey. Majimbo hayo yaliwahi kushtakiana kwa ajili ya maji hayo, na mwaka 1934 Mahakama Kuu ya Marekani ikaipa haki Delaware.

Madaraja yenyewe ni mawili, sambamba kama pacha: la kwanza lilifunguliwa mwaka 1951 na la pili mwaka 1968. Waendao kusini hupita lile jipya, ambalo sehemu yake iliyoning'inia kati ya minara miwili ina urefu wa mita 655. Kutoka juu niliona meli ya mizigo imekuwa ndogo kama ngalawa.

Tozo hulipwa ng'ambo, upande wa Delaware, tena na waendao kusini peke yao. Kioo cha gari letu kikagoma kushuka. Shemeji ikambidi afungue mlango na kunyoosha mkono wenye noti ya dola 5, huku honi zikitulaani nyuma.

Karibu na hapo tukasimama kwenye bustani yenye ukuta wa majina ya askari wa majimbo yote mawili waliokufa vitani, ambao ndio daraja hilo linawakumbuka. Nilikuwa nimelivuka mara tatu bila kujua.

Jumapili tulirudi kwa daraja kongwe, bila kulipa hata senti, na safari hii simu niliiacha mfukoni hadi maji yalipokwisha chini yetu.