Tulivyoidai pesa ya siku ya mvua kwa ngoma

Sisi wanawake wa kuanika dagaa hapa Igombe, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, tulikuwa tunalipwa kwa ndoo ya dagaa waliokauka. Unapokea dagaa mtumbwini alfajiri, unaanika mchangani, unageuza, unashinda ukifukuza ndege, kisha mvua inapiga saa nane. Dagaa wanaoza, nawe unarudi nyumbani mikono mitupu. Hasara ya tajiri, yaani mwenye mtumbwi, ilijulikana. Yetu hakuna aliyeihesabu.

Vikaoni tulishasema hadi tukachoka. Ndipo nikawaambia wenzangu tuimbe. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alinadi vyungu kwa sauti yake kabla hajarekodi santuri Bombay mwaka 1928, na dhuluma aliziimba waziwazi. Sisi Wasukuma nasi tuna bugobogobo, ngoma ya jembe, ya watu kulima kwa pamoja, na wachezaji hurusha majembe. Ngoma ya kazi ishindwe kudai ujira wa kazi?

Mashairi tuliyatunga mchangani, kila mmoja akisema mkono wake unafanya nini. Mama mmoja akasema jambo lililonichoma: mnunuzi wa Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, hutafuna dagaa mmoja, akisikia mchanga menoni bei inashuka papo hapo. Basi anayewatoa huo mchanga ni nani? Ikawa ubeti. Kiitikio kikawa hiki:

Jua la kwako, tajiri,
mvua ya kwangu mimi?

Siku tuliichagua makusudi, wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inalala, na wavuvi na matajiri wote wako mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Badala ya majembe tukarusha ndoo. Walioanza kuitikia ni wavuvi, wengi wao watoto wetu na waume zetu.

Mkitaka kufanya hivi kwenu, msimtaje mtu jina. Akitajwa mmoja, wengine wanacheka na yeye anaweka kinyongo. Itajeni kazi, kila tajiri atajiona humo.

Jioni ile wenye mitumbwi waliomba kikao wenyewe. Tukakubaliana kuanika kuwe na malipo yake, na kukausha malipo yake; mvua ikinyesha, ya kuanika unapewa. Iliandikwa kwenye daftari la mwalo.

Wapo wanaokataa mpaka leo. Chanja, yaani meza za nyavu juu ya nguzo, zingepunguza ugomvi huu, maana dagaa wa kwenye chanja hukauka haraka na hawagusi mchanga, ila nguzo na nyavu ni gharama. Wimbo tunaoutunga sasa ni wa chanja. Huo tutaupeleka halmashauri, kwenye ile asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake.